NGUO YA KUAZIMA
Macbeth wa Uskoti na Nabongo Mumia wa Wanga

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo akija kuidai, aliyeivaa hubaki uchi mbele ya watu, na aibu yake huzidi ya yule ambaye hakuvaa kitu tangu mwanzo. Methali hiyo yafaa kuwa ufunguo wa habari za watu wawili waliotawala katika nchi zilizo mbali sana. Wa kwanza ni Macbeth, mfalme wa Uskoti. Wa pili ni Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, ambaye jina lake ndilo jina la mji wa Mumias ulio katika Kaunti ya Kakamega. Mmoja anajulikana ulimwenguni kote kwa sababu ya mchezo wa Shakespeare, na mwingine anajulikana katika Kenya kwa sababu ya historia. Wote wawili walitaka makuu, wote wawili walikuwa na moyo mkuu, na wote wawili wana damu ambayo watu hawajaacha kuuliza habari zake.

MCHEZO WA MACBETH

Shakespeare aliutunga mchezo huu yapata mwaka 1606. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliusoma kwanza shuleni kwa Kiingereza. Baada ya Mwalimu Julius Nyerere kutoa tafsiri yake ya mchezo wa Juliasi Kaizari mwaka 1963, S. S. Mushi alimfuata kwa kuutafsiri huu wa Macbeth, na tafsiri yake ikapigwa chapa mwaka 1968. Kwa hiyo mzee asiyejua Kiingereza aweza naye kuijua habari yenyewe.

Macbeth ni jemadari wa Mfalme Duncan. Kabla hajaonekana mbele ya watazamaji, sifa zake zimekwisha kumtangulia: amemwua mwasi kwa mkono wake mwenyewe, na amewafukuza maadui waliotoka Norway. Anapotoka vitani pamoja na rafiki yake Banquo, anakutana na wachawi watatu, nao wanamtabiria kwamba atapata cheo cha mkuu wa Cawdor, kisha atakuwa mfalme. Banquo anaambiwa kwamba yeye hatatawala, lakini wazao wake watatawala. Punde si punde wanafika wajumbe kumwarifu Macbeth kwamba Mfalme amempa cheo cha Cawdor. Basi neno la kwanza limetimia, na moyo wake unaanza kuwaka kwa ajili ya lile la pili.

Kisha Mfalme anakuja kulala nyumbani kwake. Ni mfalme wake, ni jamaa yake, tena ni mgeni wake. Na kwa desturi ya Waskoti, kama ilivyo desturi ya Waluyia, mgeni aliyelala nyumbani kwako yu katika amana yako. Macbeth anazihesabu moja moja sababu za kumzuia asitende ubaya, na anaona wazi kwamba kinachomsukuma ni tamaa tu. Mkewe anamdhihaki kwamba si mwanamume. Usiku ule ule Duncan anachomwa visu hali amelala.

Tangu dakika hiyo Macbeth hana raha. Anasikia sauti ikimwambia kwamba ameuua usingizi. Anataka kutamka neno la sala, nalo linamkwama kooni. Ili kukilinda kiti chake anatuma watu kumwua Banquo, na usiku huo huo mzimu wa Banquo unakuja karamuni na kuketi mahali pake. Baadaye anaamuru mke na watoto wa Macduff wauawe, watu ambao hawakumkosea neno. Mkewe, aliyekuwa hodari kuliko yeye siku ile ya kwanza, anatembea usingizini akijaribu kuosha mikononi mwake damu isiyoonekana, kisha anakufa. Mwisho Macduff anamkabili Macbeth vitani na kumkata kichwa.

TAMAA, USHUJAA NA HATIA

Wengi husema kwamba Macbeth aliharibiwa na wachawi, na wengine humlaumu mkewe. Lakini wachawi walisema tu, wala hawakumpa kisu. Banquo naye aliyasikia maneno yale yale, akaenda zake akalala. Mke alimsukuma mumewe mpaka mlangoni, lakini aliyeingia chumbani ni Macbeth mwenyewe kwa miguu yake.

Tena tamaa ya ukubwa peke yake si dhambi. Bila tamaa hiyo mkulima hangefungua shamba jipya, wala karani hangeketi na vitabu usiku baada ya kazi. Hata ushujaa wa Macbeth na tamaa yake vimetoka katika chemchemi moja. Mtu asiyeogopa mkuki vitani ndiye yule yule asiyeogopa kunyosha mkono kukitwaa kisicho chake. Hapo ndipo ulipo msiba wenyewe, kwa maana tabia iliyompandisha ndiyo iliyomwangusha.

Jambo la tatu ni hatia. Mnyang'anyi wa kawaida akiua hulala usingizi, na watu hawamtungii mchezo. Macbeth anaendelea kutuhuzunisha kwa kuwa anajua. Alijua kabla ya kutenda, akajua wakati wa kutenda, na akaendelea kujua mpaka siku ya kufa kwake. Tena Shakespeare anamfananisha mara kwa mara na mtu aliyevaa mavazi ya mwingine, mavazi makubwa yasiyomkaa mwilini. Mtu aliyekulia katika Kiswahili ataikumbuka mara moja methali ya nguo ya kuazima.

Hata hivyo inafaa kujua kwamba Macbeth wa historia hakuwa kama yule wa mchezo. Alitawala Uskoti tangu mwaka 1040 mpaka 1057. Duncan hakuchinjwa kitandani, bali aliuawa vitani, wala hakuwa mzee. Macbeth alikaa katika kiti miaka 17, na mwaka 1050 aliweza kuiacha nchi yake na kwenda kuhiji Roma, jambo ambalo mfalme anayechukiwa na watu wote hangethubutu kulifanya. Lakini mchezo ulitungwa wakati wa Mfalme James, ambaye ukoo wake ulidai kutoka kwa Banquo. Kwa hiyo habari za Macbeth zilisimuliwa na waliokuja baada yake, wenye sababu ya kumfanya aonekane mbaya. Onyo hilo lishikwe vema kabla ya kumhukumu mtawala yeyote aliyeanguka.

MTAWALA WA ELUREKO

Mwezi wa Desemba 1883 Mskoti mmoja kijana, Joseph Thomson, alifika karibu na Mto Nzoia akitoka pwani kwa kupitia nchi ya Wamasai. Mahali alipofika paliitwa na watu wa misafara Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Wenyeji walipaita Elureko. Shiundu alikuwa amekwisha kufa yapata mwaka mmoja, na kiti kilikuwa cha mwanawe, Mumia.

Urithi wa kijana huyo ulikuwa na fahari, lakini ulikuwa na hatari pia. Cheo cha Nabongo kilikuwa cha kale, na katika nchi ambayo makabila mengi yalitawaliwa na wazee wa koo, Wawanga walikuwa na mfalme. Lakini ufalme wenyewe ulikuwa umegawanyika. Sakwa alishika Wanga Mukulu, hali ukoo wa Mumia ulishika Wanga ya Elureko. Kaskazini walikuwako Wabukusu wenye nguvu, na upande wa magharibi na kusini Waluo wa Ugenya waliwasukuma Wawanga katika mashamba yao.

Tangu siku za Shiundu wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wakifika Elureko kununua pembe za ndovu na watumwa. Walikuja na nguo, shanga na dini ya Kiislamu, ambayo ilitia mizizi Mumias mapema kuliko mahali pengi pa bara la Kenya. Pia walikuja na bunduki. Mumia alijifunza mapema kwamba mgeni mwenye bunduki akiwa rafiki yako, jirani yako hulala na hofu.

WAGENI WANAZIDI

Hapa ushujaa wa Mumia waonekana, nao ni wa namna yake. Mwezi wa Oktoba 1885 alipita Askofu James Hannington, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia, akaendelea mpaka Busoga, ambako aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1889 alifika Frederick Jackson wa Kampuni ya Kiingereza, na mwanzo wa mwaka 1890 akaja Mjerumani Carl Peters. Watawala wengi walioona wageni kama hao wakifuatana walifunga milango au walishika mikuki. Mumia aliufungua wake. Kumkaribisha mtu usiyejua amekuja na nini kwahitaji moyo, hasa kwa mtawala ambaye majirani zake wanangoja akosee.

Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo chao kwake, na mwanzo wa mwaka 1895 akaja Bwana C. W. Hobley kukisimamia. Nchi hiyo ilikuwa bado ndani ya Himaya ya Uganda, na ilibaki hivyo mpaka mwaka 1902. Misafara yote iliyokwenda na kurudi Uganda ilipata chakula na mahali pa kupumzika kwa Mumia. Waingereza waliandika jina la mahali hapo kwa kuongeza herufi moja ya kuonyesha umiliki, na kutoka hapo likapatikana jina la Mumias.

CHETAMBE, MWAKA 1895

Mwaka huo huo bunduki kadhaa za Serikali ziliingia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kidogo kilichotumwa kuzidai kiliuawa. Bwana Hobley akakusanya jeshi kubwa, nalo likaondoka mwezi wa Agosti. Walikuwamo askari wa Kisudani, Waswahili, Waganda na Wamasai, na pamoja nao walikwenda wenye mikuki wa Wanga.

Wabukusu walikuwa wakikaa katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta na handaki. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Waliosalia walikimbilia ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, wakapigana huko tena. Ukuta ambao ulikuwa umewalinda na mikuki ya vizazi vingi haukuwalinda na bunduki ya Maxim. Watu wengi walikufa, ng'ombe walitekwa, na wanawake na watoto walichukuliwa mateka. Wabukusu hawakuisahau habari ya Chetambe. Wanawasimulia watoto wao ushujaa wa wale waliosimama ukutani, na katika masimulizi hayo hawamsahau jirani aliyefuatana na wageni.

Wengine wasema kwamba Mumia hakuwa na njia nyingine. Laiti angalikataa, yamkini bunduki ile ile ingaligeuzwa kuelekea Elureko. Neno hilo lina uzito. Lakini mizani ina upande wa pili pia: adui wa Wanga alivunjwa nguvu, na Wanga ikapata faida. Mtu aweza kulazimishwa kuingia safarini, lakini kuupokea mgawo wa safari ni jambo jingine.

KITI KIKUBWA

Mwaka 1909 Serikali ilimfanya Mumia kuwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini. Babu zake hawakuwahi kuyatawala makabila yote yaliyotiwa chini yake siku hiyo. Jamaa zake na watu wake waliwekwa kuwa machifu na wasimamizi mahali pengi. Murunga, ndugu yake kwa baba, alipewa kuwatawala Wabukusu huko Kimilili. Mulama, ndugu mwingine, aliwekwa Marama. Wao ndio walioamuru watu walipe kodi na watengeneze barabara, na manung'uniko yote ya watu juu ya Serikali yalianza kwa jina la Mwanga aliyesimama mlangoni.

Basi tamaa ya Mumia ilikuwa imefika kileleni. Lakini nguvu iliyomweka pale haikutoka kwa watu aliowatawala, wala haikutoka katika desturi ya Wanabongo. Ilitoka katika barua ya Serikali, na mwenye kuandika barua aweza kuandika nyingine.

MWENYE NGUO AJA KUIDAI

Kwa kweli mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kugeuka. Mwezi wa Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu. Tangu hapo mizigo ya Uganda haikupita tena Mumias kichwani mwa wapagazi. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishwa kwenda Kakamega. Mwaka 1926 Mumia alistaafishwa, na kiti cha chifu mkuu hakikupewa mtu mwingine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Murunga na Mulama nao walikuwa wameondolewa, baada ya watu wa sehemu hizo kudai kwa miaka mingi watawaliwe na watu wao wenyewe.

Mumia aliendelea kukaa Mumias, Nabongo wa Wawanga, mpaka alipofariki mwaka 1949 akiwa mzee sana. Alimwona Thomson akija kwa miguu, na akaishi mpaka siku za ndege na simu. Tangu kustaafu kwake mpaka kufa kwake ilipita miaka 23.

Hapo yuko mbali na Macbeth. Macbeth alipoona ya kwamba kiti chaondoka, alichagua kuua zaidi, akatumbukiza nchi yake yote katika msiba wake. Mumia aliondolewa asiwashe moto. Hakuwaita vijana wa Wanga wafe kwa ajili ya cheo ambacho mwenyewe alikipokea kwa wageni. Kushuka kutoka juu pasipo kumwaga damu nako ni ushujaa, ingawa ushujaa huo hausimuliwi sana penye moto jioni.

HATIA NI YA NANI?

Basi je, Mumia alikuwa na hatia? Katika mchezo jibu ni jepesi, maana mtunzi ametufungulia kifua cha Macbeth tukaona yaliyomo. Katika historia mtu hupimwa kwa matendo yake na kwa matunda ya matendo hayo.

Ni haki kusema kwanza kwamba mzigo mkubwa ni wa wale walioleta bunduki ya Maxim na kuamuru ipigwe. Wachawi wa Macbeth walileta utabiri tu, kisu akakitafuta mwenyewe, na taji likamgharimu roho ya mgeni wake. Wageni wa Mumia walileta vyote vitatu pamoja: utabiri, kisu na taji. Kumweka Mumia peke yake kizimbani ni kuwaachilia waliotoa amri. Ni kama kumkamata mwenye kushika taa na kumwacha mwenye panga aende zake.

Pili, ni haki kusema kwamba aliyeshika taa naye ana la kujibu. Mumia aliwaokoa watu wake wasikanyagwe na majirani, na kwa hiyo Wawanga wana sababu ya kumheshimu. Lakini bei ya wokovu huo ililipwa na watu wengine, na hapo ndipo mfano wake unapotufundisha jambo ambalo Macbeth hatufundishi. Macbeth aliupoteza usingizi wake mwenyewe. Kwa Mumia, waliopoteza usingizi ni majirani. Hatia ya namna hii haimfuati mtu kitandani kwake, nayo ni rahisi kutoisikia, kwa kuwa inakaa katika nyumba za watu wengine, katika lugha ya watu wengine, na inarithiwa na watoto wao.

Tatu, tukumbuke lile onyo la Uskoti. Mwenye kusikiliza habari za Mumia huko Kimilili tu atasikia habari za msaliti. Mwenye kuzisikiliza Mumias tu atasikia habari za baba wa taifa. Kila upande una haki ya kukumbuka yake, lakini mtu mzima mwenye busara huketi penye mioto yote miwili kabla hajasema neno.

Habari hizi hazikuhusu wafalme peke yao. Kila siku watu hupewa vyeo juu ya wenzao katika ofisi, katika vyama vya wakulima, katika kamati za shule na katika siasa. Mara nyingi cheo hutoka kwa mkubwa aliye mbali, wala hakitoki kwa wale watakaoamriwa. Tamaa humwambia mtu akipokee, na ushujaa humwambia asiogope maneno ya watu. Kabla ya kukivaa, afadhali ajiulize mambo mawili: nani ataigharamia fahari yake, na siku mwenye nguo atakapoidai, atabaki na nguo gani iliyo yake mwenyewe.

Mumia alibaki na kitu. Cheo cha chifu mkuu kiliondoka, lakini cha Nabongo, alichokirithi kwa Shiundu, alikufa nacho, na watu wake wakamzika kwa heshima ya cheo hicho. Alichopewa na Serikali kilirudi kwa Serikali. Alichopewa na Wawanga kilibaki kwa Wawanga.